Bi Sikudhani Abisha Hodi Kwake

"Mgeni wa kwanza wa sikukuu ni mwenye nyumba."

Maneno hayo aliyasema jirani mmoja alipopita uani kwa Bibi Hawa siku ya ishirini na tisa ya Ramadhani. Alimkuta mama wa watoto wa nyumba hiyo ana kisu cha vitunguu mkono mmoja na pazia bichi mkono wa pili, huku anaita mtu amletee ufagio. Jirani akasema neno lake, akacheka, akaenda zake. Wajukuu watatu wa Bibi Hawa, waliokuwa wakichambua mchele mkekani, wakatazamana.

"Bibi, mwenye nyumba atakuwaje mgeni?" akauliza Nasra, mkubwa wao. "Mgeni si yule anayetoka nje?"

"Na awe wa kwanza tena!" akadakia mdogo wake.

Bibi Hawa alipepeta ungo mara mbili kabla ya kujibu. Hakupenda kuharakishwa, wala hakupenda kukatizwa maneno, na wajukuu walilijua hilo. "Neno hili lina mahali lilipozaliwa," akasema. "Lilizaliwa Ujiji, katika nyumba moja ya pembeni, karibu na soko la samaki. Nitawaeleza, lakini mikono isisimame. Nikitafuna chuya kwenye pilau kesho, nitajua nani alikuwa anasikiliza tu."

Akaanza kuwasimulia.

Katika nyumba hiyo aliishi mjane aitwaye Bi Sikudhani. Alisifika kwa jambo moja: hakuna mtu aliyewahi kutoka kwake siku ya Idi akiwa na njaa. Mlango ulifunguliwa watu wakirudi kuswali, ukakaa wazi mpaka siku ya tatu. Waliokuja kwa udugu walikula, waliokuja kwa ujirani walikula, na wapo waliofuata harufu tu, nao walikula. Ukisema umeshiba, Bi Sikudhani alikuuliza kama chakula chake umekiona kina sumu. Basi ulikula tena.

Mkono huo mwema aliurithi kwa mama yake, pamoja na sharti moja alilomwahidi kulishika: mwenye nyumba hali mpaka mgeni wa mwisho awe amekula.

Mwanawe pekee, Kitwana, alioa binti wa Tabora aitwaye Chiku. Chiku alikuwa mtu wa kutaka kujua. Akiona kidonda aliuliza kisu, akiona moshi aliuliza kuni. Kwao walimwonya mapema kwamba huko aendako afunge mdomo, maana mkwe anayeuliza sana huonekana anapekua. Chiku alijitahidi, na kwa muda wa mwezi mzima aliweza.

Tena alimpenda mama mkwe wake kwa dhati. Wali wa kwanza alioupika katika nyumba ile uliungua mpaka moshi ukatoka barazani, na Bi Sikudhani aliwaambia wageni, bila kupepesa macho, kwamba ni yeye aliyesahau kupunguza makaa. Chiku hakulisahau jambo hilo.

Idi ndogo ya kwanza Chiku akiwa Ujiji ilikuwa ya kufana. Siku ya kwanza walipika pilau, wakakaanga migebuka ya ziwani, wakamimina chai isiyo na idadi. Siku ya pili, jua likiwa utosini, Bi Sikudhani alianguka kando ya meko, upawa ungali mkononi. Wanawake walipiga kelele, Kitwana akambeba mama yake kitandani.

"Ni ugonjwa gani huu?" Chiku alimuuliza jirani yao, Bi Mwamvua.

"Si ugonjwa, ni jicho," Bi Mwamvua alimnong'oneza. "Kila Idi humpata. Watu wanakula huku wanamhusudu. Hata marehemu mama yake aliondoka hivyo hivyo, Idi pili, upawa mkononi. Familia hii inaonewa kijicho, mwanangu."

Ubani ulifukizwa, kombe la aya likaandikwa akanywa, na baada ya siku tatu Bi Sikudhani aliinuka. Watu wakashukuru, wakasahau. Chiku hakusahau. Alijiuliza kimya kimya: hilo jicho linakaa wapi mwaka mzima? Kwenye Maulidi watu hao hao walikula chakula cha Bi Sikudhani, wala hakuguswa. Kwenye arusi vilevile. Mbona lingoje Idi?

Ilipofika Idi kubwa, alianguka tena. Safari hii hakufumbua macho haraka, wakamkimbiza zahanati. Daktari alimpima, akampima tena. "Presha imepanda sana, na mwili umekauka," alisema. "Apunguze chumvi, apumzike. Nawaambia kweli, akianguka hivi mara nyingine sijui kama mtamfikisha hapa akiwa hai."

Bi Sikudhani alimsikiliza kwa heshima zote. Njiani alimwambia mwanawe, "Yule kijana ana adabu nzuri, lakini mambo ya jicho hakusomea."

Kitwana aliogopa. Chiku naye aliogopa, ila palikuwa na neno moja la daktari lililomkaa kichwani kama punje ya mchele kwenye jino. Umekauka. Mwili wa mtu utakaukaje katika nyumba ambayo chai haitoki motoni? Mtu atakaukaje kwenye sikukuu?

Ramadhani iliyofuata, Chiku aliacha kuwatazama watu wenye jicho, akamtazama mama mkwe wake. Alichokiona kilizidi kumchanganya. Bi Sikudhani alifunga siku zote, na alikuwa mzima wa afya. Magharibi ikiadhiniwa aliacha kila kitu, akakaa mkekani na wenzake, akala tende, akanywa maji na uji wa pilipili manga. Adhuhuri alijinyoosha akalala. Alasiri aliimba kaswida huku akisuka ukili. Hata kichwa hakikumuuma.

"Kitwana," Chiku alimwambia mumewe, "mtu gani anafunga mwezi mzima haanguki, halafu siku ya kula ndiyo anaanguka?"

"Jicho halina hesabu, Chiku."

"Kila kitu kina hesabu. Sisi tu ndio hatujaijua."

"Mimi namwita shekhe mapema mwaka huu, amsomee kabla," Kitwana alisema. "Sitaki kumzika mama yangu Idi pili kama alivyozikwa bibi."

Chiku hakubishana naye. Shekhe aje, hakuna ubaya. Lakini yeye alikuwa na lake.

Asubuhi ya Idi, kabla watu hawajaenda kuswali, alipakua tambi kwenye bakuli, akaweka vitumbua viwili na gilasi ya maji kando, akafunika kwa kawa juu ya rafu ya jikoni. "Mama, fungu lako hili hapa."

"Ahsante, mwanangu. Nakula sasa hivi."

Watu wakarudi kuswali, nyumba ikajaa. Walianza wazee wa msikitini, wakafuata mashemeji wa Kigoma mjini, wakaja wanawake wa mtaa na watoto wao wenye nguo mpya zinazonuka duka. Bi Sikudhani alipakua, akapeleka, akarudi, akachochea, akaonja mchuzi kwenye kiganja, akaongeza chumvi, akapakua tena. Saa nne Chiku aliinua kawa. Fungu lilikuwa vilevile.

"Mama, hujala."

"Sasa hivi."

Adhuhuri aliinua tena. Tambi zilikuwa zimeshikana. Chiku alianza kuielewa ile hesabu. Jana magharibi mama mkwe wake alifuturu kwa tende tatu na kikombe cha maji, mwezi ukaonekana, akaruka kwenda kuroweka nyama. Hakulala. Tangu tende zile mdomo wake haujatafuna kitu. Kilichoingia ni chumvi ya kiganjani tu. Na kila mtu aliyemwona akiingia na kutoka jikoni aliamini kashiba huko huko, kwa maana nani atamwonea mpishi huruma ya njaa?

Alasiri, Bi Sikudhani alishika ukuta. Alisema ni utelezi. Sakafu ilikuwa kavu, na midomo yake pia.

Chiku alimfuata karibu na meko. Alijua anachotaka kusema si cha mkwe kumwambia mama mkwe, na alijua vilevile kwamba kesho kutwa huenda hatakuwa na wa kumwambia.

"Mama, naomba kukuuliza."

"Uliza huku unapakua."

"Kufunga siku ya Idi kuna hukumu gani?"

"Haramu. Hata mtoto wa madrasa anajua." Bi Sikudhani aligeuka. "Mbona waniuliza hilo? Kuna mtu kafunga?"

"Yupo mmoja."

"Humu ndani mwangu?" Upawa ukawekwa chini. "Astaghfirullah! Nani huyo? Mwite aje ale mbele ya macho yangu!"

Chiku akalishusha bakuli kutoka kwenye rafu, akafunua kawa. Tambi zilikuwa zimekauka, vitumbua vimekuwa vigumu, na kwenye gilasi ya maji alielea sisimizi mmoja.

"Ni fungu lako la asubuhi, mama."

Bi Sikudhani alilitazama bakuli lile. "Mimi sikunuia kufunga," alisema taratibu.

"Hukunuia, mama. Lakini tumbo halijui nia."

Nje barazani watu walikuwa wakicheka. Uso wa Bi Sikudhani ulikuwa umekunjamana kwa hasira. "Umeanza kunihesabia matonge, Chiku?"

"Nimekukosea adabu, nisamehe. Naogopa, mama. Nakuomba nikuulize moja la mwisho, kisha nitanyamaza mpaka Idi kubwa ya Mfungo Tatu. Marehemu bibi, siku aliyoanguka, alikuwa amekula nini?"

Bi Sikudhani aliivuta siku ile akilini. Alikuwa msichana wakati ule, yeye ndiye aliyepokea sahani mlangoni na kuzipeleka. Aliwakumbuka wageni wote, mmoja mmoja, hata yule aliyemwagia mchuzi kanzu yake. Hakukumbuka kumwona mama yake akitafuna. Akakumbuka na jambo jingine. Bibi mmoja aliyemwosha marehemu alitoka chumbani akisema, "Maskini, tumbo limeingia mgongoni." Alilisikia kwa masikio yake, na miaka yote hiyo aliamini kwamba ndivyo jicho linavyoua.

Alikaa kwenye kigoda, akajifunika uso kwa kanga, akalia.

Chiku alichutama mbele yake, akamshika magoti. Alitaka kumpa maji pale pale, lakini Bi Sikudhani alitikisa kichwa.

"Nilimwahidi," alisema. "Nilimwahidi mama kwa kinywa changu. Mwenye nyumba hali mpaka mgeni wa mwisho. Unasikia baraza hiyo? Mgeni wa mwisho yuko wapi? Nitamvunjiaje ahadi marehemu?"

Chiku alifikiri. Huu sasa ulikuwa ukuta wa kweli, na hakutaka kuubomoa. Alitafuta mlango.

"Mama, na mgeni je? Yeye hula lini?"

"Mgeni hula akifika tu. Hata habari haulizwi kabla hajapata maji."

"Na akitaka kuingia jikoni kusaidia?"

"Jikoni! Mgeni haingii jikoni, labda uwe umeamua kumdhalilisha."

Chiku alinyanyuka, akalitungua baibui la mama mkwe wake kwenye msumari, akampa. "Basi toka kwa mlango wa uani, mama. Zunguka nyumba. Ubishe hodi mbele."

Bi Sikudhani alimtazama, kwa mara ya kwanza siku hiyo akacheka, machozi yakiwa bado mashavuni. "Watu watasema nimerukwa na akili."

"Watasema kesho. Leo wana pilau mdomoni."

Akavaa baibui. Akatoka.

Chiku alibaki amesimama katikati ya jikoni, akisikiliza. Alisikia viatu vikiburuta kwenye kichochoro, kisha havikusikika tena. Akaanza kuhesabu pumzi. Je, kaona haya akaenda kukaa kwa jirani? Je, kaanguka huko kichochoroni, peke yake, kwa sababu ya ujanja wa mkwe asiyejua kufunga mdomo? Alikuwa ameshapiga hatua ya kumfuata aliposikia sauti mbele.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Baraza nzima ikageuka. Kitwana, aliyekuwa akimimina chai, alikwenda mlangoni na birika mkononi, akamkuta mama yake amesimama kizingitini na baibui lake, kama mtu aliyetoka mbali.

"Mama?"

"Ndivyo nilivyokufundisha kupokea wageni?"

Kitwana alibaki ameduwaa, ikabidi Chiku atokee ukumbini aseme kwa sauti, "Karibu, mgeni wetu! Karibu ndani, starehe!" Mzee mmoja wa msikitini aliyekuwa amekaa karibu na mlango alimtazama Bi Sikudhani, akamtazama Chiku, akavuta miguu yake. "Sogeeni," akawaambia wenzake. "Mgeni amefika."

Wakampeleka ukumbini kwa wanawake, wakamnawisha mikono. Wakampa maji. Alikunywa gilasi tatu mfululizo, na wanawake walioiona kiu ile waliacha kucheka. Wakamletea pilau. Chiku alikuwa ameipakua kutoka sufuria ya pili, ile ambayo bado haijaongezwa chumvi. Bi Sikudhani alikula polepole, mpaka akamaliza. Kisha, kwa mazoea, akainuka kuelekea jikoni.

Chiku alikuwa amesimama mlangoni. "Mgeni haingii jikoni, mama."

"Lakini vyombo..."

Bi Mwamvua, yule yule wa maneno ya jicho, alikuwa ameshakunja mikono ya gauni. Wengine watatu walimfuata. Hakuna aliyewaita. Nadhani waliona haya, na haya nayo huosha vyombo. Bi Sikudhani walimlaza kwenye kitanda cha wageni, akalala mpaka karibu na magharibi. Chakula cha jioni kilichelewa, na wali wa Chiku ulishika chini kidogo. Walioula hawakufa.

Idi pili ilipofika adhuhuri, mtaa mzima ulikuwa unavizia. Wapo waliokuja kula huku jicho moja liko sahanini na la pili liko kwa Bi Sikudhani. Naye asubuhi alikuwa ameshabisha hodi yake, akanywa chai, akala. Adhuhuri ikapita, alasiri ikaja, mwanamke bado yuko juu ya miguu yake. Kitwana alikwenda nyuma ya nyumba akalia peke yake, akadhani hakuonekana.

Jioni, jua lilipopoa, Bi Sikudhani alimwambia mkwewe, "Nisindikize. Miguu yangu inataka kujua mji umefika wapi."

Walitembea mpaka upande wa pili wa soko, kwa Bi Zena, mdogo wake wa tumbo moja. Njiani Bi Sikudhani alisimama mara kwa mara akiulizia nyumba hii ya nani, na mti ule ulikatwa lini. Chiku alimjibu, naye kwa mara ya kwanza akaona jinsi ilivyo raha mtu mwingine akiuliza.

Bi Zena alipomwona dada yake mlangoni aliweka mkono kifuani. "Nani kafa?"

"Kwani lazima afe mtu?"

"Dada, hujawahi kukanyaga hapa siku ya Idi tangu niolewe. Ukija, umekuja kunipa habari ya msiba."

"Hajafa mtu. Nimekuja kula Idi."

Bi Zena akamkumbatia, akamkalisha, akageuka. "Kaa, nakuja sasa hivi. Wageni wamejaa ukumbini, na moto wangu unazimika." Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni. Alipopita mlangoni aliegemea mwimo kidogo, kama mtu anayengoja kitu kimpite, kisha akaendelea.

Bi Sikudhani aliliona hilo. Alimtazama Chiku, na Chiku akainamisha macho. Mama mkwe wake akanyanyuka, akaingia jikoni kwa mdogo wake, akamkuta ameshika upawa, anaonja mchuzi kwenye kiganja.

"Zena. Umekula nini leo?"

"Nitakula wageni wakiisha."

"Na jana?"

Bi Zena akacheka. "Dada nawe! Nani anakumbuka ya jana?"

Bi Sikudhani aliuchukua ule upawa mkononi mwake, akamkabidhi Chiku. Akalichukua baibui la mdogo wake, akamvalisha kwa mikono yake mwenyewe, kama alivyokuwa akimvalisha walipokuwa wadogo na mama yao bado yu hai.

"Toka kwa mlango wa nyuma," akasema.

"Niende wapi?"

"Uzunguke mbele, ubishe hodi."

"Kwangu mwenyewe?"

"Kwako mwenyewe. Mama yetu hakuuawa na jicho la mtu, Zena. Alikufa na njaa katika nyumba iliyojaa pilau, na mimi nilikuwa napokea sahani mlangoni, sikujua. Nenda kabishe, mdogo wangu, nije nikufungulie. Mgeni wa kwanza wa sikukuu ni mwenye nyumba."